Nyumba ya Mkasi



Katika likizo ya skuli iliyopita nilinuia kuwapeleka wajukuu zangu kwenye magofu ya Gede, yaliyo ndani ya hifadhi yenye msitu karibu na Watamu, kusini mwa Malindi. Mkwe wangu, mama yake mke wangu, alipopata habari alinikataza. "Mwanangu, watoto hawapelekwi kwenye mji wa majini," aliniambia. Sikumjibu kwa ukali, kwani ni mzazi, lakini maneno yake yalinikaa moyoni. Waliojenga mji ule walikuwa Waislamu kama sisi. Imekuwaje leo makazi yao yawe ya kutishia watoto? Nikamwomba radhi na ruhusa. Alikubali kwa sharti moja: aje mwenyewe awachunge.

Tuliingia asubuhi, chini ya mibuyu mikubwa, kima wakiruka juu yetu. Kituo chetu cha kwanza kilikuwa kaburi lenye tarehe iliyochongwa: mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 Miladia. Tuliwasalimia watu wa makaburi kama tulivyofunzwa, tukawaombea dua. Mkwe wangu aliitikia "Amin" huku ameushika mkono wa mjukuu mdogo kwa nguvu.

Kutoka hapo tulielekea kwenye nyumba zilizo karibu na kasri. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mji huu mwaka 1948, alizipa baadhi ya nyumba hizo majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko Nyumba ya Taa ya Chuma, iko ya Bakuli la Kaure, iko ya Ushanga wa Venisi, na iko Nyumba ya Mkasi. Tukasimama kwenye hiyo ya mkasi.

Dari imekwisha anguka zamani, lakini kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zingali zinaonyesha mpango wa nyumba. Katika nyumba za Gede mgeni hushuka kwanza uani, kisha huingia ukumbi mrefu wa kupokelea watu, na vyumba vya kulala viko nyuma zaidi, mbali na macho ya wapitao. Huo ndio mpango wa sitara tuliourithi katika nyumba zetu za kale za Lamu na Mombasa. Kisha tukaonyeshwa vyoo vyao, na kando yake mahali pa kuwekea maji ya kujisafishia. Miaka mamia iliyopita, tahara ilikuwa imejengwa ndani ya ukuta.

Mkwe wangu aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Yeye ameshona kanzu na buibui tangu ujanani. Kisha akamwambia mjukuu, "Hapa alikaa mwenzangu. Jini hana haja ya mkasi wala ya choo." Akauachia mkono wa mtoto, naye akaenda kucheza.

Ndugu zangu, sisi tunaamini kuwa majini ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Lakini kuyanasibisha makazi ya waumini na mashetani bila ya ushahidi ni kuwadhania vibaya watu wasioweza tena kujitetea. Wala si kila mji uliohamwa uliangamizwa kwa dhambi. Gede ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na wanahistoria wametaja sababu zinazofahamika: mashambulizi ya Wazimba waliopita pwani mwaka 1589, kusukumwa na Waoromo kutoka kaskazini, na maji kuzidi kushuka ardhini. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilichimbwa kikaongezwa kina. Mwenye kuona hivyo atajifunza kutomwaga maji ovyo, hata anapotawadha.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutembee katika ardhi tukazingatie habari za waliotutangulia. Mwaka 2024 Gede iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Itakuwa aibu wageni waijue kutoka mbali, na sisi wenyewe tuipite njiani kwa hofu.

Basi wapelekeni watoto, lakini kwa adabu. Wasipande juu ya kuta wala wasiandike majina yao. Wasiokote vigae hata kimoja, kwani hiyo ni amana. Wanapofika msikitini, ingawa umebaki gofu, wakumbuke kuwa watu walisujudu pale. Na enyi kina mama na kina bibi, nendeni nao. Mimi niliwasomea watoto tarehe ya kaburi, lakini aliyewafahamisha kuwa pale palikuwa na nyumba ya watu ni bibi yao.

Tuliporudi, garini mkwe wangu aliwasimulia nyumba ya nyanya yake: ua wake, kisima chake, na chumba alichozaliwa yeye. Nyumba hiyo imekwisha uzwa na kubomolewa. Mke wangu hakuwahi kuisikia habari yake mpaka siku hiyo.

Mwenyezi Mungu awarehemu watu wa Gede, na atujaalie kuwa warithi wema. Amin.