Yakuza: Genge Moja, Majina Matatu

Neno yakuza limezoeleka masikioni mwa wapenzi wa filamu na michezo ya video. Wanafunzi wetu wa tafsiri hutuuliza mara kwa mara iwapo yafaa kusema "majambazi" tu. Tunaona ni vyema tulifahamu kwanza neno lenyewe.

Asili yake ni mchezo wa karata wa Kijapani uitwao oicho-kabu. Ya ni nane, ku ni tisa, za ni tatu. Jumla ni 20, lakini katika mchezo huo huhesabiwa tarakimu ya mwisho pekee; kwa hiyo mwenye karata hizo ameambulia sifuri. Yakuza, basi, ni mtu asiyefaa kitu. Ikumbukwe kwamba magenge haya yalichipuka miongoni mwa wacheza kamari na wachuuzi wa enzi ya Edo (1603–1868).

Wao wenyewe hupenda kujiita ninkyo dantai, yaani jumuiya za waungwana watetezi wa wanyonge. Polisi huwaita boryokudan, yaani makundi ya mabavu. Sanaa imevutwa na pande zote mbili. Katika miaka ya 1960, filamu za kampuni ya Toei zilimwonesha mwigizaji Takakura Ken kama muungwana anayevumilia dhuluma hadi inapopita kiasi, ndipo huchomoa upanga. Mwaka 1973 Fukasaku Kinji aliivunja taswira hiyo kwa filamu kuhusu Hiroshima baada ya Vita Kuu ya Pili, ambamo wakubwa wa magenge wanawasaliti vijana wao.

Mwaka 1992 Itami Juzo alitoa filamu Minbo no Onna. Humo mwanasheria wa kike anawafundisha wafanyakazi wa hoteli kuwakabili yakuza kwa sheria. Siku chache baadaye wanagenge walimvamia Itami na kumkata uso kwa visu. Kwa maoni yetu, kilichowauma ni kuvuliwa jina la uungwana mbele ya watu.

Mwaka huohuo sheria dhidi ya magenge ilianza kutumika, na kufikia 2011 mikoa yote 47 ya Japani ilikuwa imepiga marufuku biashara za kuyanufaisha. Kwa takwimu za polisi, wafuasi wamepungua kutoka takriban 184,000 mwaka 1963 hadi chini ya 20,000 mwaka 2024. Hata hivyo, katika mchezo wa video ambao kampuni ya Sega iliuanzisha mwaka 2005, shujaa bado ni yakuza mwenye utu.

Turudi kwa mtafsiri. Jambazi kwetu ni mporaji mwenye silaha. Yakuza ana ngazi za uongozi, kiapo cha utii, na kipato cha vitisho, kamari na dawa za kulevya. Tunashauri neno yakuza libaki, lifuatwe na maelezo mafupi. Ama "waungwana", liwekwe katika alama za kunukuu, msomaji ajue ni nani anayejisifu. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.