Mbung'o na Kitabu Chake cha Herufi Nne

 

Leo tutazungumza juu ya adui mnayemfahamu sana ninyi wa Lingeka na sehemu nyingine za Bariadi: mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Kila mtu anayechunga karibu na Pori la Akiba la Maswa amekwisha kuumwa naye.

Chakula cha mbung'o ni damu. Akimwuma mnyama mwenye vijidudu vya ugonjwa, huvibeba, kisha humwambukiza yule atakayemwuma baadaye. Ng'ombe hupata nagana: hukonda, huishiwa damu, na wengi hufa. Mtu hupata malale.

Je, mdudu huyu ni wa tangu lini? Ni wa zamani kuliko binadamu mwenyewe. Huko Florissant, Marekani, wataalamu walikuta alama za mbung'o katika mawe yenye umri wa miaka milioni 34 hivi. Siku hizi Marekani hakuna mbung'o; makao yao ni Afrika.

Lakini mawe hayasemi yote. Habari nyingine zimo mwilini mwa mdudu. Kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake maagizo ya kuujenga mwili: macho yaweje, mabawa yaweje. Maagizo hayo yote pamoja huitwa jenomu. Tuyafananishe na kitabu. Ninyi mmejifunza herufi zaidi ya 20. Kitabu hiki kina herufi 4 tu, nazo huandikwa A, C, G na T. Hazikuandikwa kwa wino. Ni kemikali, na mashine ndizo zinazozisoma. Maana yake imo katika mpango. Tazameni maneno haya: LIMA na MALI. Herufi ni zile zile, lakini maana ni mbali mbali.

Mzazi anapomrithisha mtoto, kitabu hunakiliwa upya, na mara chache herufi hukosewa. Makosa hayo huongezeka kizazi baada ya kizazi. Basi vitabu vya wadudu wawili vikilinganishwa, tofauti zikiwa chache, ni ndugu wa karibu. Zikiwa nyingi, waliachana zamani sana.

Kazi ya kusoma kitabu cha mbung'o ilianza mwaka 2004. Wataalamu zaidi ya 140 wa nchi 18, Waafrika wakiwamo, walishirikiana. Mwaka 2014 walitangaza kwamba wamekisoma: kina herufi milioni 366. Mwaka 2019 vikatangazwa vitabu vya aina nyingine 5 za mbung'o.

Walikuta nini? Walikuta maagizo ya kuona rangi ya buluu, rangi inayomvuta mbung'o mtegoni. Tena walikuta maagizo ya kutengeneza maziwa! Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama nzi wengine. Hubeba funza mmoja tumboni, humlisha maziwa, na humzaa baada ya siku 9 au 10 hivi. Maisha yake yote huzaa watoto 8 au 10 tu.

Hapo ndipo penye udhaifu wake. Anayezaa wachache akipunguzwa, hukawia kuongezeka. Huko Unguja, madume waliofugwa Tanga waliondolewa nguvu ya uzazi kwa mionzi, wakamwagwa kwa ndege kwa mamilioni. Majike waliokutana nao hawakuzaa. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Lakini Unguja ni kisiwa. Pori la Maswa limepakana na Serengeti, na mbung'o hana mpaka. Mkiwapunguza upande mmoja, wengine huingia kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kazi hii haimfai mtu mmoja; yataka kijiji kizima na bwana mifugo pamoja.

Mwendapo porini, vaeni nguo za rangi hafifu. Acheni za buluu na nyeusi. Ng'ombe akikonda bila sababu, mwiteni bwana mifugo. Mtu akipata homa baada ya kuumwa na mbung'o, aende hospitali mapema, wala asingoje usingizi umshike.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mbung'o hukawia kuongezeka?
2. Kwa nini kazi ya Unguja ingekuwa ngumu zaidi hapa kwetu?
3. Andika maneno mawili yenye herufi zile zile na maana mbali mbali.