Kumsajili mkongwe mwenye jeraha: tulivyoamua Othaya

Wengi wenu mwaijua Othaya kwa jina la marehemu Mzee Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa hapa tangu 1974 hadi 2013. Mimi naijua kwa baridi yake na mashamba ya majani chai, maana nilioa huku na mwaka huu ni wa sita nina duka hapa mjini. Wazee wa timu ya mtaa walipoona naandika madeni ya wateja bila kukosea, wakanifanya mweka hazina.

Mwezi uliopita tulikaa kikao kwa ajili ya mtu mmoja tu: kipa. Ni mzaliwa wa hapa, aliyeteremka Mombasa akiwa kijana na kudaka huko miaka mingi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimtazama pale Mbaraki, na siku zake akidaka, mshambuliaji alikuwa akiomba dua kabla ya kupiga penalti. Sasa ana miaka 37. Bega lake la kulia limeteguka mara tatu, limepasuliwa mara moja, na misimu miwili hajacheza. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, naye amerudi kwao akitaka kucheza tena. Ada aliyoitaka ni shilingi 40,000 mkononi.

Mfuko wetu ulikuwa na 52,000. Pesa hizo zilichangwa na wakulima baada ya bonasi ya majani chai, na ndizo nauli, marefa na mipira ya msimu mzima.

Mzee mmoja akanigeukia. "Mswahili, wewe wakataa nini? Kibaki alipata ajali Desemba 2002, na mwezi huohuo akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Jeraha si kifo."

Nikamjibu, "Kweli, Mzee. Lakini kula kiapo hakuhitaji kuruka."

Walicheka, kisha wakaniambia nieleze ninavyoona. Niliyowaeleza ndiyo haya, kwa kuwa hata kwetu Pwani timu nyingi hukutwa na jambo hili.

Kwanza, mtu akisajili mkongwe mwenye jeraha, mara nyingi huwa anakinunua kile anachokikumbuka. Mabao ya zamani hayachezi mechi ya Jumamosi. Tazameni Dennis Oliech. Alicheza Ufaransa katika timu za Nantes, Auxerre na Ajaccio, kisha Januari 2019, baada ya muda mrefu nje ya uwanja, Gor Mahia wakamsajili akikaribia miaka 34. Mwezi uliofuata alifunga Kasarani siku Gor walipowatandika Zamalek wa Misri 4-2, na nchi nzima ikaamini amerudi. Baadaye akaumia mkono, yeye mwenyewe akaingia katika siasa za Kibra, na kabla mwaka haujaisha mkataba ulikuwa umevunjwa. Simlaumu yeye wala klabu. Nasema bao moja tamu halitoshi kukuonyesha msimu mzima utakavyokuwa.

Pili, daktari huja kabla ya kalamu. Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko vyote mwilini, na kwa sababu hiyo ndicho chepesi kuteguka. Likishatoka mara moja, kano na nyama zinazolishikilia hulegea, na kutoka mara ya pili huwa rahisi zaidi. Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Kano huonekana vizuri kwa kipimo cha MRI, ambacho ni ghali, lakini ni nafuu kuliko kulipa 40,000 kisha kipa akalie benchi. Na daktari asiulizwe tu kama jeraha limepona. Aulizwe kama bega hilo laweza kuangukiwa mara ishirini katika mazoezi ya wiki moja.

Tatu, na hapa ndipo penye siri, ni namna ya kulipa. Marekani wana mchezo wa besiboli, ambao mrusha mpira ndiye nguzo ya timu, na bega na kiwiko chake ndio mtaji wake. Bartolo Colón, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alitunzwa mwaka 2005 kuwa mrushaji bora wa ligi yake. Kisha bega na kiwiko vikamsumbua, na mwaka 2010 hakurusha hata mechi moja ya ligi kuu. Mwaka 2011 New York Yankees walimchukua akiwa na miaka 37, umri uleule wa kipa wetu. Hawakumpa mkataba wa nyota. Walimpa mkataba wa ligi ndogo: njoo mazoezini, ukionyesha kuwa mkono upo, utaingia timu kubwa na mshahara wake. Mkono ulikuwepo. Akaendelea kurusha hadi 2018, akiwa na miaka 45.

Mkataba wa namna hiyo hugawa hasara. Akishindwa, klabu haifilisiki. Akiweza, hulipwa kwa kazi aliyoifanya, wala hapewi sadaka kwa ajili ya jina lake la zamani.

Basi tukaandika hivi: timu italipia kipimo. Akipita, atapewa 8,000 za usajili, na 1,500 kwa kila mechi atakayodaka. Akiumia akiichezea timu, matibabu ya kwanza ni juu yetu. Na kila Jumatano atawafundisha makipa wawili vijana, kwa malipo yake mbali, ili hata bega likikataa, elimu yake ibaki hapa Othaya.

Nilimsomea karatasi ile dukani kwangu. Kwanza alikasirika. "Bwana, wewe uliniona Mbaraki. Wanilipa kama kibarua?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba nilimwona, na ndiyo maana sitaki watu waliokuwa wakimshangilia waje kumzomea kwa pesa zao za chai. Alinyamaza, akanywa chai yake, akaiomba kalamu.

Kabla ya kutia sahihi aliongeza sharti moja kwa mkono wake, nasi tukalikubali: siku atakayosema bega limekwisha, asije mtu nyumbani kwake kumbembeleza acheze mechi moja ya mwisho. Kipimo ni Alhamisi, Nyeri mjini. Nitampeleka mwenyewe.