Karatasi za Kendwa

Watu wengi wanaijua Kendwa, kaskazini mwa Unguja, kwa ufukwe wake, maana hata maji yakipwa unaogelea, si kama Paje au Jambiani ambako bahari inakwenda zake mbali. Mimi naijua kwa karatasi. Nyuma ya kaunta ya mapokezi ya hoteli kuna kichumba ambacho mgeni hakioni, na humo mna printa isiyopumzika: fomu za wageni, nakala za pasipoti, menyu ya usiku, orodha ya wanaokwenda kisiwa cha Mnemba kesho, ankara, karatasi za mishahara, tiketi ya ndege ya Mtaliano anayeondoka alfajiri.

Kazi yangu ni kuuza huduma ya uchapishaji kwa mkataba. Hoteli hainunui mashine. Kampuni inaileta, inaleta tona na fundi, kisha mwisho wa mwezi inasoma mita iliyomo ndani ya mashine na kutoza kwa kila ukurasa. Wa rangi bei yake ni mara kadhaa ya mweusi. Karatasi kwa kawaida ananunua mteja mwenyewe. Biashara hii si ngeni duniani. Xerox walipotoa mashine yao ya 914 mwaka 1959, waliona wateja wengi hawataimudu bei yake, wakaikodisha kwa dola 95 kwa mwezi. Kopi 2,000 za mwanzo zilikuwa ndani ya kodi hiyo. Zilizozidi zililipiwa moja moja.

Meneja ananiambia, "Yakhe, printa naipata Darajani kwa laki nne. Mkataba wa miaka mitatu wa nini?" Simbishii. Naomba anioneshe stoo. Humo mara nyingi nakuta tona mpya, hazijafunguliwa, za printa iliyokwishakufa. Kisha namuuliza mhasibu ukurasa mmoja unawagharimu kiasi gani, na kwa kawaida hana jibu. Si kosa lake. Tona imeandikwa kwenye vifaa vya ofisi, fundi kwenye matengenezo, na nauli ya kijana anayetumwa mjini, karibu kilomita 60, imo kwenye usafiri. Gharama moja imezikwa makaburi matatu.

Hata namba iliyo kwenye boksi la tona inadanganya wasioijua. Ikiandikwa kurasa 2,000, hesabu hiyo ni ya ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5 tu, yaani barua fupi. Menyu yenye picha ya pweza na kamba haimo katika hesabu hiyo.

Halafu kuna hewa yetu. Rimu ikiachwa wazi usiku kucha, asubuhi karatasi zimevuta unyevu na kujikunja. Zinapita mbili mbili na kukwama. Nawaambia watu wa mapokezi waiweke kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko, na wengine wananicheka mpaka masika yaingie. Umeme nao una hadithi yake. Unguja inaupata kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Bara, na waliokuwapo wanakumbuka tulivyokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Tangu hapo hoteli haikosi jenereta, lakini wakati jenereta inapopokea, umeme hurukaruka, na kinachoungua ni mashine isiyo na stebilaiza. Kwa hiyo muuzaji anayekupa bei ileile ya ofisi ya Posta, Dar es Salaam, ama hajui pwani ya Kaskazini, ama hana nia ya kumleta fundi.

Kifungu ninachokigombania zaidi, wakati mwingine na mabosi wangu wenyewe, ni kile cha kiwango cha chini. Tuseme umesaini kurasa 5,000 kwa mwezi kwa shilingi 80. Hiyo ni 400,000, uchapishe usichapishe. Agosti huoni tabu, umejaza vyumba. Aprili na Mei mvua inanyesha, nusu ya wafanyakazi wako likizo, umechapisha kurasa 1,000 na bado unadaiwa 400,000. Ukurasa umekuwa shilingi 400, na stationari yoyote ya Mji Mkongwe ingekutoza chini ya hapo. Kwa Kendwa kiwango kihesabiwe kwa mwaka, kurasa 60,000, ili Agosti ibebe Mei. Muuzaji akikataa, mwache aende akauze benki, ambako hakuna msimu.

Na wewe meneja unayekaribia kusaini, uliza pia kuhusu diski. Mashine nyingi kubwa za kukopi zina diski ndani, na picha za pasipoti za wageni wako zinaweza kubaki humo. Mkataba ukiisha, mashine isitoke getini kabla diski haijafutwa mbele yako, nawe upewe karatasi iliyosainiwa kwamba imefutwa.