Kompyuta ya Kikundi (Sehemu ya 2): Diski Mbili za Kiasi Kuliko Moja Kubwa

Wiki iliyopita tuliangalia kichakato na kumbukumbu. Leo tufike pale kazi yenyewe inapolala: kwenye diski.

Huko Kibuyuni, jirani na Shimoni, akina mama wakulima wa mwani hushuka shambani maji yanapotoka wakati wa bamvua. Mwani ukishaanikwa ukakauka, hupimwa, na kila kilo ina mwenyewe. Kikundi cha namna hiyo kikihamisha hesabu zake kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta, jasho la watu wengi huingia ndani ya kifaa kinachoenea kiganjani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ukubwa wa diski, uliza: ikifa leo usiku, nakala iko wapi?

Ndani ya hadi diski mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi nyembamba kuliko unywele. IBM waliitoa ya kwanza mwaka 1956: sahani 50, uzito uliopita tani moja, na uwezo wa herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu ya leo yaweza kuijaza. SSD haina kinachozunguka; data hukaa kwenye chipu, kwa hiyo haiogopi sana mtikisiko.

Kwa kasi, hadi diski nzuri husoma megabaiti 150 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 550 hivi, na zile za NVMe nyingi hupita 3,000. Muuzaji atakusukumia hii ya mwisho. Kwa kazi ya hesabu na barua, SATA yatosha. Aliyetoka kwenye hadi diski ataona tofauti tangu anapowasha mashine. Kompyuta nyingi za ex-UK huja na diski iliyokwisha tumika, basi mwambie fundi afungue programu ya CrystalDiskInfo, muone imefanya kazi saa ngapi. Kama kuna nafasi ya M.2, ulizeni inapokea aina gani, maana nyingine hukubali SATA tu na nyingine NVMe tu.

Ushauri wangu ni huu: ndani, SSD ya gigabaiti 500; nje, hadi diski ya inchi 2.5 yenye terabaiti 1. (Windows itaandika gigabaiti 931. Hujaibiwa, kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.) Hiyo ya inchi 2.5 hupata umeme kwa waya wa USB. Ya inchi 3.5 hutaka adapta yake, na adapta isipochomekwa kwenye UPS, stima ikipotea katikati ya kunakili, faili huweza kuharibika. Tumieni tundu la USB 3, mara nyingi la buluu: gigabaiti 100 huchukua robo saa hivi, ilhali kwenye tundu la USB 2 ni karibu dakika 50.

Kwa nini nje isiwe SSD pia? Kwa sababu SSD iliyokaa muda mrefu bila umeme, hasa penye joto, yaweza kupoteza data. Na ya nje isiachwe mezani. Hewa ya bahari ina chumvi inayokula metali. Iwekeni kwenye chombo kinachobana pamoja na vifuko vya silika, tena nyumba nyingine, ili moto au mwizi asizipate zote mbili.

Lakini ikitoka ofisini, hutoka na majina, simu na namba za vitambulisho vya wanachama, vitu vinavyolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Ifungeni kwa nywila kwa VeraCrypt, ambayo ni ya bure, na nywila hiyo waijue viongozi wawili.

Flashi za bei ya kutupa zinazodai terabaiti 16 ziogopeni kabisa. Zimefanywa ziidanganye kompyuta. Zikijaa, faili mpya hufuta za zamani bila onyo. Programu ya H2testw hujaza diski nzima kisha huisoma tena. Iendesheni siku ya kununua, risiti ikiwa bado mkononi.

Wiki ijayo: UPS na betri zake.