Mtoto Amenona au Amevimba?

Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Ndivyo tunavyowatazama watoto wetu. Kila mzazi humwona wake mzuri, na si vibaya. Lakini kuna mambo mawili ambayo jicho la mzazi hukosa kuyaona.

La kwanza ni kukonda. Mtoto unayemwogesha kila siku hupungua polepole, nawe huoni tofauti. Utasema, "Amefuata mwili wa babake."

La pili ni kuvimba. Mashavu yamejaa, na majirani wanasifu kwamba mtoto amenona. Bonyeza nyayo zake upande wa juu kwa kidole gumba, hesabu sekunde 3, kisha uachilie. Vishimo vikibaki katika miguu yote miwili, huo si unono bali ni maji. Huenda ni utapiamlo mkali. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Je, mtoto ana miezi 6 hadi miaka 5? Mwombe mhudumu wa afya ampime mkono kwa utepe wa rangi. Kijani ni sentimita 12.5 au zaidi. Mkono uko sawa. Manjano, kuanzia 11.5, aanze kufuatiliwa kliniki. Nyekundu ni chini ya 11.5, usingoje kesho.

Nenda kliniki na kijitabu chake kila tarehe uliyopewa, hata kama unamwona mzima. Uzani uandikwe, nawe uulize mstari unapanda au unashuka.