Kutoka Sumu hadi Vinasaba: Ushahidi Unaopimwa Upper Hill

Ni sumu iliyoipa sayansi ya uchunguzi wa jinai nafasi mahakamani. Mwaka 1814, Mathieu Orfila, daktari mzaliwa wa Uhispania aliyefanya kazi Paris, alichapisha kitabu kuhusu sumu na madhara yake mwilini. Mwaka 1836, mkemia Mwingereza James Marsh akaeleza jinsi ya kuinasa aseniki. Sampuli huchanganywa na zinki na asidi, gesi inayotoka huwashwa, na aseniki ikiwemo, utando mweusi unaong'aa hubaki juu ya kigae. Baraza la mahakama likaweza kuiona sumu kwa macho.

Nairobi, kazi ya aina hiyo hufanywa katika maabara ya Mkemia wa Serikali, Upper Hill, jirani na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Polisi huleta kielelezo, pengine kipande cha ini au kichupa cha damu, kikiwa kimefungwa na kuandikwa kimetoka kwa nani na lini. Kila anayekipokea hutia sahihi. Pengo moja katika orodha hiyo ya sahihi humtosha wakili wa utetezi. Na sumu si aseniki tu: mwaka 2000, pombe haramu ilipoua zaidi ya watu 100 jijini, wengi wao mitaa ya Mukuru, muuaji alikuwa methanoli.

Alama za vidole zina historia chungu zaidi. Mfumo wa kuzipanga uliundwa Bengal, India, na Mwingereza Edward Henry akisaidiwa na Wahindi Azizul Haque na Hem Chandra Bose, lakini sifa zilimwendea Henry. Scotland Yard, polisi wa London, ilianza kuutumia mwaka 1901. Nchini Kenya, serikali ya kikoloni ilizichukua alama hizo kuwabana vibarua: kuanzia miaka ya 1920, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, hati ya utambulisho yenye alama za vidole, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Aliyemtoroka mwajiri alitambulika hata akibadili jina.

Vinasaba vilifuata baada ya Alec Jeffreys, Leicester, kugundua mwaka 1984 jinsi ya kumtambua mtu kwavyo. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu lililohimiza kufunga hadi kufa ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, kuanzia Aprili 2023, jamaa walitoa sampuli zilinganishwe na za marehemu. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, muda mrefu mno kwa wafiwa.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 77, huruhusu ripoti ya mkemia kupokewa bila yeye kufika. Mahakama ikitaka, humwita ahojiwe.